Huyu Namjua, Lakini Si Yeye

Baba yangu alifariki kabla sijaanza kutambaa, kwa hiyo nilimjua kwa picha tu. Ilikuwa picha moja, nyeusi na nyeupe, iliyotundikwa kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu Dandora, juu kidogo ya redio. Amekaa kwenye stuli ya studio, koti limembana mabegani, nyuma yake pazia lenye maua makubwa, na anacheka. Sisemi anatabasamu. Anacheka hasa, mdomo wazi, kama mtu aliyechekeshwa wakati mpiga picha anabonyeza.

Kila Jumamosi nilipokuwa msichana mdogo, kazi yangu ilikuwa kumpangusa vumbi. Mama alinipa kitambaa, nikapanda kwenye kiti, nikaanza na fremu, kisha kioo. Ukuta ule ulikuwa ukivuja kila mvua ya masika, na unyevu ulikuwa umeingia ndani ya kioo na kumwachia baba madoa: moja kwenye paji la uso, jingine kwenye kola, na moja jeusi zaidi mdomoni, upande wa chini. Hilo la mdomoni lilinikera. Nililitemea mate kidogo nikalisugua kwa nguvu zangu zote, na halikutoka.

"Usimsugue mdomo," mama alikuwa akiniambia.

Nilidhani anahofia kioo. Nilishuka nikaenda kucheza.

Kitu nilichokitaka kwa baba kilikuwa kimoja tu, kujua kama nimefanana naye. Mama ni mfupi, mweupe kiasi, ana uso wa duara. Mimi ni mrefu na uso wangu umechongoka, na tukiandamana kwenda kanisani watu walikuwa wakidhani yeye ni mwalimu wangu. Kina mama wa kanisa walinifariji kwamba nimetoka baba mtupu, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona. Nilipobalehe nilikuwa nikishusha picha ukutani mama akienda sokoni, nikasimama nayo mbele ya kioo cha kabati, uso wangu na wake sambamba. Sikuona chochote. Kati ya madoa na ukungu wa kioo, baba alikuwa mtu yeyote anayecheka.

Nilikuwa mtu mzima tayari, kompyuta zimeanza kuonekana huku kwetu Eastlands, wakati baba zangu wadogo walipotuma ujumbe kutoka nyumbani, kijijini kwao baba, kwamba kaburi la kaka yao litajengewa kwa saruji. Kutakuwa na ibada. Tuje na picha yake kubwa, ya kuwekwa mezani mbele ya watu. Mama akaishusha ile picha kutoka ukutani, akajaribu kuitoa kwenye fremu, ikakataa. Ilikuwa imegandana na kioo.

"Ukiivuta, uso utabaki kwenye kioo," nilimwambia. "Iache. Niachie mimi."

Nilikuwa nimepanga chumba Donholm, nyuma ya nyumba ya mwenye ploti, na nilifanya kazi katika kiwanda cha mabeseni ya plastiki Industrial Area. Njiani kurudi kutoka kazini kulikuwa na studio ya mzee mmoja wa Kiislamu, mzaliwa wa Pumwani, mtu wa kofia safi na maneno machache, ambaye alikuwa ameanza kupiga watu picha kabla mimi sijazaliwa. Sasa alikuwa amenunua kompyuta na skana, na mlangoni ameweka kibao alichokiandika kwa mkono wake: PICHA KUUKUU ZINAFANYWA MPYA. Niliingia nikiwa nimeikumbatia fremu kifuani.

Mzee aliitazama sana kabla ya kuigusa. Kisha akasema nisithubutu kuibandua, akaitoa ile mbao ya nyuma tu, akaulaza uso wa baba juu ya skana na kioo chake vilevile. Mwanga ukapita chini polepole. Kwenye kompyuta baba akaanza kushuka kutoka juu, mstari kwa mstari: pazia, nywele, paji la uso, macho. Nilijikuta nimeshika meza. Sijui nilikuwa nangoja nini, labda aniite.

"Hili la kwenye paji?" mzee aliuliza, akionyesha kwa kalamu.

"Unyevu."

"La kwenye kola?"

"Unyevu, mzee."

"Na hili la mdomoni, huku chini?"

"Hilo ndilo baya kuliko yote," nikasema. "Toa hilo kabla ya mengine. Nimelisugua tangu utotoni."

Akatikisa kichwa, akasema mdomo umeliwa vibaya, na akaniuliza kama nina picha ya mtu wa damu yake, awe anacheka. Nilikuwa nayo moja kwenye mkoba, nimepigwa katika harusi ya rafiki yangu, nimeachama kama kiboko. Nilidhani anataka kuangalia tu. Nikamwachia hiyo, nikamwachia na fremu, kwa sababu alisema akishamaliza ataitengenezea mbao mpya nyuma.

Wiki iliyofuata mzee hakuwepo, mkewe ndiye aliyenipa bahasha. Sikuifungua njiani. Nilifika chumbani, nikafunga mlango, nikavua viatu, nikakaa kitandani, ndipo nikaitoa.

Nilipiga ukelele. Madoa yameondoka. Koti limeonekana mpaka vifungo, pazia limeonekana ua kwa ua, na katikati, ndani ya koti la mwanamume, nimekaa mimi! Nilikimbilia kwenye kioo. Nikacheka, nikamtazama, nikacheka tena. Vicheko vilikuwa kimoja. Hata lile jino langu la chini lililomlalia mwenzake, lile ambalo shuleni lilinifanya niitwe kila jina, baba alikuwa nalo. Kumbe nilirithi! Nililia nikiwa nimekaa sakafuni, na siku hiyo sikupika.

Jumapili baada ya kanisa nilikuwa Dandora. Jirani yetu, mama mmoja anayeuza omena, aliniona na bahasha akaingia nyuma yangu bila kukaribishwa, kama kawaida yake. Nilimpa mama picha. Jirani akachungulia begani.

"Woi! Si ni wewe kabisa! Ata hiyo mdomo!" akapiga makofi. "Mama, kwani ulizaa ama ulipiga fotokopi?"

Mama hakucheka. Alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa leso, akaivaa tena. Aliishika picha mbali, akaisogeza karibu. Kisha akaiweka juu ya meza, kifudifudi.

"Si yeye," akasema.

"Mama?"

"Huyu namjua, lakini si yeye."

Mimi si mtu wa subira, na siku ile nilikuwa nimebeba furaha kubwa isiyotaka kumwagiwa maji. Nilimwambia ni yeye, ila ametolewa unyevu. Nilimwambia pazia ni lile lile, koti ni lile lile. Akakubali. Pazia ndilo, koti ndilo, macho ndiyo. "Lakini mtu mwenyewe si yeye," akasema. Kila nilipomuuliza nini hasa, aliinua picha, akaitazama, midomo yake ikatafuta neno na kulikosa.

Nikafikiri ni macho. Nikamfungulia kitabu cha nyimbo, nikamwambia asome. Akasoma beti zote bila kukwama na wa mwisho akauimba. Nikafikiri basi ni umri, kwamba mama ameanza kupotea. Lakini mama huyo huyo alikuwa ananiambia chumvi yangu iko kwenye kopo gani na ni nani aliyeazima sufuria mwezi gani. Hakuwa amepotea. Kama kuna aliyepotea pale, alikuwa mimi.

Jirani alinisindikiza mpaka kwenye mfereji wa maji na hapo akanipa mchango wake.

"Usijali, mama. Wazee huwa na mambo yao," akasema, sauti chini. "Saa zingine ukweli hukaa kwa ukuta miaka mingi."

Sikuwa nimeliwaza hilo. Sasa halikuniacha. Nilirudi ndani na mkoba bado begani, nikasimama mbele ya mama.

"Mama, mtu wa kwenye picha ni baba yangu au si baba yangu?"

Aliniangalia kwa mshangao mtupu. "Baba yako ni baba yako. Wewe ni wake mpaka ukucha wa mguu. Huyu mwanamume wa karatasi ndiye sijui umemtoa wapi."

Jibu hilo lilipaswa kunituliza, na halikunituliza hata kidogo. Wiki yote ile nilizunguka nalo. Picha nilikuwa nimeisimamisha kando ya kioo chumbani na kila asubuhi nilizikuta sura mbili zikinicheka. Kama si baba, mbona nimefanana naye hivi? Kama ni baba, mbona mke wake hamjui? Na kama si yeye, mbona mama alisema anamjua? Kiwandani nilibandika karatasi za mabeseni makubwa kwenye mabeseni madogo, msimamizi akaniuliza kama nimelala. Niliwaeleza wenzangu wakati wa chai, na kijana mmoja wa mashine ya kukata akanijibu kwa uhakika kamili.

"Hiyo ni kompyuta, siste. Huchanganya watu. Iliweka buda ya mtu mwingine kwa koti ya buda yako."

Ni upuuzi, lakini nilikuwa nimeshafika pa kuamini upuuzi. Nikaanza kuona jinsi ilivyokuwa: mzee wa studio alikuwa na picha za watu wengi kwenye ile mashine, akabonyeza vibaya, na sasa kuna familia mahali fulani inamlilia baba yangu. Ilinipa mtu wa kumkasirikia. Jumamosi nilimchukua mama Dandora, nikamvisha kitambaa chake kizuri cha kichwa, tukaenda Donholm.

Niliingia studio kwa kifua mbele.

"Mzee, baba yangu umempeleka wapi?"

Alikuwa anakunywa chai. Alimwamkia mama kwanza, akampa kiti, ndipo akanigeukia. Nilimweleza kila kitu kwa pumzi moja, na kwa sauti ambayo leo singeitumia kwa mtu wa umri wake. Hakubisha. Alisema anahifadhi kila picha mbili mbili, jinsi ilivyokuja na jinsi ilivyotoka, na kwamba mama akitaka atamwonyesha ilivyokuja. Akabonyeza hapa na pale. Kompyuta ikanguruma kidogo.

Baba akatokea. Mzee akamkuza mpaka uso peke yake ukajaa kwenye skrini, mkubwa kama wa mtu aliye hai, na madoa yake yote.

Mama alisimama. Mkoba ulianguka kutoka mapajani mwake na hakuuokota.

"Huyu hapa," akasema. "Huyu! Ulikuwa wapi wewe?"

Hakuwa akisema na mimi wala na mzee. Alikwenda mpaka kwenye skrini akaweka kidole mdomoni mwa baba, upande wa chini, penye lile doa jeusi.

"Hapo ni unyevu, mama," mzee akamwambia kwa upole.

"Unyevu gani?" Mama akageuka. "Hapo ni meno yake. Hayapo! Kwao walikuwa wanatolewa."

Nilimsikia, na kwa muda sikuelewa. Kisha nikaelewa yote kwa mpigo.

Kwao baba, kule ziwani, kijana akifikia utu uzima alitolewa meno sita ya mbele ya chini. Nilijua jambo hilo. Nilimjua babu mwenye pengo hilo, na wazee wengine wa pale nyumbani, na kila nikienda likizo niliwaona wakila mahindi kwa pembeni. Lakini baba hakuwa mzee. Alikuwa kijana wa koti na tai, aliyesoma, aliyefanya kazi mjini. Haikunipitia akilini hata siku moja kwamba naye aliwahi kukaa chini wakamtoa meno. Kwa upande wa mama yangu hawakuwa na desturi hiyo, na mimi nilizaliwa Nairobi wakati hata kwao baba ilikuwa inaisha. Kwa hiyo nililiona pengo la baba yangu miaka yote, na nikalisugua kwa mate.

Mama alisimulia akiwa amesimama, mkono wake bado kwenye skrini. Kazini walimtania baba kwa pengo lile. Vijana wa rika lake walikuwa wakitengenezewa meno ya bandia, au wamejifundisha kucheka midomo imefungwa. Yeye hakutaka. Siku ya kupigwa picha, mwenye studio alimwambia, "Funga mdomo, bwana, utatoka vibaya," na hilo ndilo lililomchekesha.

"Ndipo picha ikapigwa," mama akasema. "Na mimi nilikuwa nyuma ya mpiga picha, nacheka pia."

"Lakini mama, kwa nini hukuniambia ni meno?" nilimuuliza. Nilikuwa karibu kulia. "Wiki nzima!"

"Ningesemaje? Mtu humwangalia mume wake meno?" Alikuwa amechoka ghafla, akakaa. "Niliona tu amefungiwa ndani. Sikuona mlango."

Mzee alikuwa amevua kofia na kuishika mkononi. Alisema miaka yote watu wamekuja kwake wakitaka atoe kitu, kovu, chunusi, mkunjo, na yeye ametoa, na hajawahi kuombwa arudishe. Aliomba msamaha. Mama akamwambia hakuna neno, kosa si lake. Kisha akaichukua picha mpya mkononi mwangu na kuitazama tena.

"Kwa hiyo haya ni meno ya nani?"

Mzee alinionyesha mimi kwa kidevu, kisha akatoa kwenye droo ile picha yangu ya harusini. Mama aliziweka pamoja. Akaniambia nifungue mdomo, nami nikafungua, mbele ya mteja aliyekuwa ameingia kupigwa picha ya kitambulisho. Akaliona lile jino lililomlalia mwenzake.

"Nilisema namjua," akasema.

Akacheka. Mzee akacheka. Nilijitahidi kucheka, lakini ukweli ni kwamba niliumia. Nilikuwa nimemwona baba ndani yangu kwa wiki moja, na wiki ile ikachukuliwa. Mzee akaanza kazi upya, safari hii mama kakaa kando yake akimwambia acha hapo, hapo usiguse, na alipomaliza, baba alikuwa safi na pengo lake wazi. Nilimtazama kutoka paji mpaka kidevu nikijitafuta. Paji lilikuwa lake. Pua yake. Macho yake. Sikujikuta popote.

Nyumbani, siku ya ibada, picha ilikaa mezani juu ya kitambaa cheupe. Baba yangu mdogo, yule mkubwa wao aliyebaki, aliisogelea na fimbo yake, akainama, akacheka kwa sauti mbele ya mchungaji, na pengo lake lilikuwa lile lile. "Amekuja mwenyewe," akasema. Watu walipita mmoja mmoja kumtazama. Walisifu koti na kicheko. Nilikuwa nimesimama pale pale kando ya meza, makusudi, nikingoja hata mmoja anitazame mimi kisha amtazame yeye. Hakuna aliyefanya hivyo. Tulirudi Nairobi na mama akamtundika mahali pake juu ya redio, ukuta ukiwa umezibwa.

Ile nyingine, yenye makosa, sikuweza kuitupa. Niliiweka nyuma ya mlango wa kabati, chumbani kwangu Donholm, pale ninapofungua nikitafuta nguo. Sikumwambia mtu. Niliona aibu kuweka picha ya mtu ambaye hakuwahi kuwepo.

Mama alikuja kunitembelea siku moja, akasikia baridi, na kabla sijamzuia alikuwa ameshafungua kabati kutafuta sweta. Nilikwenda haraka, nikisema nilikuwa nataka kuitoa, nilisahau tu, nitaitupa.

"Mwache," akasema.

Alifunika macho na pua kwa kiganja, ukabaki mdomo peke yake, na huo ulikuwa wangu. Kisha akashusha kiganja, akafunika mdomo, na yaliyobaki yalikuwa macho ya baba, yakicheka. Akafanya hivyo tena, juu, chini, bila haraka.

"Alikufa hata hajakubeba vizuri," akasema. "Nilikuwa namwambia tukupeleke studio, anasema tungoje uote meno."

Akavaa sweta yangu, akafunga vifungo vyote.

"Basi, mmepigwa pamoja," akasema, na akaniomba chai.